Kufunga injini ya Volkswagen kwenye ndege unayoijenga mwenyewe

Mtu akinionyesha injini ya gari anayotaka kuitia kwenye ndege yake, hunisifia nguvu zake za farasi. Mimi huuliza: inazitoa ikizunguka mara ngapi kwa dakika? Propela ya kipenyo cha mita 1.8 ikizunguka mara 5,500, ncha zake hupita mita 500 kwa sekunde, ilhali sauti husafiri kama 340. Hapo utapata kelele nyingi na nguvu kidogo ya kuivuta ndege. Ndiyo sababu injini ya Subaru hufungiwa giaboksi ya kupunguza mizunguko, na giaboksi nayo ina mitetemo yake ya kujipinda, ambayo hukata shafti bila kubisha hodi.

Kwa anayeanza, basi, nasema achukue ya Volkswagen Beetle. Inapozwa kwa hewa, haina rejeta, na propela inakaa moja kwa moja kwenye krenki, yaani shafti kuu ya injini. Propela ya mita 1.37 kwa mizunguko 3,400 ncha zake hufika kama mita 244 kwa sekunde, hiyo inavumilika. Nilikozaliwa, Tanga, nilizijua Beetle barabarani tu. Huku Wisconsin ndiko nilikoona AeroVee, injini ya vipande unavyounga mwenyewe, kutoka Sonex ya Oshkosh: silinda za kipenyo cha milimita 92, stroki (mwendo wa pistoni) ya milimita 82, ujazo wa sentimita za ujazo 2,180, farasi 80.

Usiokote krenki kwenye chuma chakavu. Nunua mpya ya chuma cha kufuliwa, na hata hiyo ikapimwe nyufa. Kwenye gari, krenki hii haikuwahi kuvutwa mbele, wala kupindwa na kitu kizito kinachozunguka huku pua ikigeuka. Ukifunga propela upande wa puli, kumbuka krenki ni nyembamba pale. Habu, yaani kitovu kinachoshika propela, hupashwa moto na kuvishwa ikiwa bado imepanuka, ikipoa inabana, halafu inakazwa kwa bolti ndefu. Propela iwe ya mbao. Ya chuma ni nzito na itaichosha krenki. Lakini mbao hunywea: majira ya baridi hapa hewa ni kavu, nikipima bolti kwa spana ya toki, ile inayopima mkazo, nakuta zimelegea; kiangazi cha huku hewa ina unyevu, mbao huvimba na bolti zimebana kupita kiasi. Zipime kila hali ya hewa inapobadilika.

Feni ya gari inatoka, upepo wa propela ndio unaopoza. Upepo huo ni mvivu, hupita penye uwazi. Tengeneza mabati yanayoulazimisha kupita katikati ya mapezi ya silinda, ziba kila tundu, na weka kipimajoto kwenye kila hedi, si moja tu. Mimi sipendi kuona zaidi ya nyuzi 200 ndege ikiwa imetulia angani.

Umeme wa plagi uwe wa njia mbili, kila moja ijitegemee. Kabureta ipate hewa safi iliyopashwa moto kwa kupita nje ya bomba la egzosi, kwa sababu petroli ikigeuka mvuke hupoza, na unyevu huganda humo hata nje kukiwa na nyuzi 20.

Mtiririko wa petroli ndio ninaoukagua mara mbili. Kama tenki linashusha kwa uzito wake bila pampu, injini ya farasi 80 inayokula lita 24 kwa saa inatakiwa ipewe uwezo wa mara moja na nusu, yaani lita 36 kwa saa. Inua pua ya ndege kupita pembe ya kupanda, tenki likiwa karibu kuisha, chomoa mpira kwenye kabureta na kinga kwa chupa yenye alama. Dakika moja ikupe mililita 600. Ikikupa 450, tafuta chujio lililoziba, mpira uliojikunja au tundu la hewa la tenki lisilopumua. Usiwashe kabla ya kulipata.

Marekani ndege ya kujijengea yenye injini isiyo na cheti huanza kwa kipindi cha majaribio, kwa kawaida saa 40, ndani ya eneo uliloruhusiwa, bila abiria. Ukijenga Kenya au Tanzania, zungumza na mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya kununua hata bolti.