Colemak kwenye Linux: kuondoa mgongano wa vitufe saidizi

Anayehama kutoka QWERTY, mpangilio wa kawaida wa kibodi, kwenda Colemak, mpangilio wa kibodi uliotolewa na Shai Coleman mwaka 2006, huzizoea herufi mpya taratibu, lakini kinachomsumbua zaidi ni vitufe saidizi, yaani Shift, Ctrl, Alt na Caps Lock, ambavyo havichapi herufi bali hubadili kazi ya vitufe vingine. Mwongozo huu ni wa Linux inayotumia seva ya X, yaani programu inayoonyesha madirisha na kupokea vibonyezo vya kibodi.

Kwanza ieleweke kwamba mfumo una majedwali mawili. Moja linaonyesha kila kitufe kinatoa alama gani, na la pili linaonyesha ni vitufe vipi vinavyohesabiwa kuwa Shift, Lock, Control au Mod1 hadi Mod5. Ukibadili la kwanza na kuliacha la pili, kitufe kitapewa jina la Control huku kikiendelea kufunga herufi kubwa.

Hatua ya 1. Kabla ya kugusa chochote, tazama hali ilivyo; `setxkbmap` hushughulikia mpangilio wa kibodi, na `xmodmap -pm` huonyesha jedwali la pili:

`setxkbmap -query`
`xmodmap -pm`

Kwenye QWERTY ya kawaida, mstari wa lock utaonyesha Caps_Lock (0x42), yaani kitufe namba 66.

Hatua ya 2. Futa machaguo ya zamani, kisha uweke mpangilio:

`setxkbmap -option ''`
`setxkbmap -layout us -variant colemak`

Usiiruke amri ya kwanza. Machaguo hulimbikizana kila unapoongeza jingine, na mara nyingi nimekuta mawili yakigombea kitufe kimoja bila mwenye kompyuta kukumbuka aliyaweka lini.

Hatua ya 3. Amua kazi ya Caps Lock. Colemak yenyewe hukigeuza kitufe hicho kuwa Backspace, na kwa maoni yangu wengi wangekiacha hivyo. Ukitaka kiwe Ctrl, tumia:

`setxkbmap -option ctrl:nocaps`

Chaguo hili hurekebisha majedwali yote mawili kwa pamoja. Mimi niliwahi kunakili maelekezo ya QWERTY yenye mstari `keysym Caps_Lock = Control_L`, nikashangaa kuona hakuna kilichobadilika; sababu ni kwamba ndani ya Colemak hakuna tena kitufe chenye alama ya Caps_Lock. Anayelazimika kutumia xmodmap ataje namba ya kitufe; mistari hii ni ya kupewa xmodmap, si amri za kuandika moja kwa moja kwenye terminal:

`clear Lock`
`keycode 66 = Control_L`
`add Control = Control_L`

Hatua ya 4. Rudia `xmodmap -pm`. Mstari wa control sasa uwe na 0x42 pamoja na 0x25 na 0x69 (Ctrl mbili za kawaida), na mstari wa lock uwe mtupu. Kisha fungua `xev`, programu inayoonyesha kila kibonyezo, shikilia kitufe ulichobadilisha na ubonyeze C, ambayo Colemak haikuihamisha, kama ilivyoziacha Z, X na V mahali pake. Katika tukio la kubonyeza C, soma neno state: 0x4 ni Control, nayo 0x14 ni Control pamoja na Num Lock, kwa hiyo isikutie wasiwasi. Ukiona 0x2, Lock ingali hai, basi rudi hatua ya 2.

Hatua ya 5. Andika amri hizo ndani ya `~/.xprofile`, faili linalosomwa unapoingia kwenye kompyuta. Ikiwa unatumia xmodmap, iweke baada ya setxkbmap, kwa kuwa setxkbmap huandika ramani upya na kufuta mabadiliko ya xmodmap. Hata kuchomeka kibodi nyingine ya USB kunaweza kuyafuta, na hapo utaiendesha xmodmap tena.