Nguruwe, choo na bustani ya mboga: ushauri kwa wafugaji wa Bukavu

Mnunuzi mzoefu hatoi pesa kabla hajafungua mdomo wa nguruwe. Mnyama analazwa ubavu, ulimi unavutwa kwa kitambaa, na vidole vinapapasa upande wa chini. Akigusa vipunje kama vya mchele, anashusha bei au anaondoka. Mfugaji anabaki na nguruwe wake, huku minervali, yaani karo ya shule ya watoto, ikimngoja. Hapo ndipo kishawishi kinapoingia: kumchinja usiku nyuma ya nyumba na kuipitisha nyama kimyakimya mpaka kwenye mishikaki. Ndugu mfugaji, nakuomba usifanye hivyo, na nitakueleza kwa nini.

Vipunje vile ni watoto wa tegu, mnyoo bapa wa tumboni. Nimesikia mara nyingi Kabare na Walungu, hata kwa wanaofuga nyuma ya nyumba zao Kadutu na Bagira, kwamba nguruwe ndiye mchafu, ndiye anayetuletea ugonjwa. Kwa jambo hili mimi namtetea nguruwe. Tegu huyu akishakomaa anaishi katika utumbo wa mtu. Mtu anakula nyama isiyoiva, kipunje kinakua ndani yake kuwa mnyoo wa mita kadhaa, na vipande vinavyotoka na kinyesi hubeba maelfu ya mayai. Nguruwe anayezurura anakikuta kinyesi hicho migombani, anakila, na baada ya miezi miwili au mitatu nyama yake ina vipunje. Basi ulimi wenye vipunje unatupa habari za watu: pale anapokula nguruwe huyo kuna mtu mwenye mnyoo, na kuna choo kibovu au kisichokuwepo kabisa.

Mayai hayo yakiingia mdomoni mwa mtu, kwa mkono usionawa, kwa maji au kwa mboga mbichi, watoto wa tegu wanaweza kufika mpaka kwenye ubongo. Matokeo yake mara nyingi ni kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika sehemu nyingi tegu huyu alikoota mizizi, takriban asilimia 30 ya visa vya kifafa vinatokana naye. Tena anayeugua si lazima awe mla nguruwe. Msabato au Muislamu ambaye hajaonja nyama hiyo maisha yake yote anaweza kupata kifafa hiki kwa sababu ya choo cha jirani. Nayasema haya pia kwa ajili ya watoto wenye kifafa wanaofichwa ndani au kupelekwa kwa waombezi huku watu wakiyakimbia mate yao. Mate hayaambukizi kifafa. Mpelekeni mtoto kituo cha afya.

Mji wetu umejengwa juu ya milima. Shimo la choo likiwa fupi, mvua kubwa inalifurikisha, na yote yanateremka kwenye mifereji, bondeni, ziwani Kivu na mtoni Ruzizi. Mama anayelima lengalenga bondeni anamwagilia kwa maji hayohayo. Ukiweza, jenga choo juu kidogo ya usawa wa ardhi, kizungushie mfereji wa kupitisha maji ya mvua, na kiwe na mlango ambao nguruwe hawezi kuusukuma. Kinyesi cha watu kisitiwe kwenye mboga. Samadi ya nguruwe haibebi mayai ya tegu huyu, lakini ina vijidudu vingine, kwa hiyo irundike, ifunike na iache ioze vizuri kabla ya kuipeleka bustanini.

Kazi kubwa, hata hivyo, ni kizimba. Najua kwa nini watu wanawaachia nguruwe: chakula ni ghali, na mnyama anayezurura anajitafutia. Lakini hata kamba haitoshi, kwa sababu aliyefungwa karibu na migomba atakula alichokikuta hapo. Mjengee kizimba chenye sakafu ya mbao au mianzi iliyoinuliwa, kwenye mteremko, ili mkojo uelekee shimoni usiende kwa jirani. Mlishe majani ya viazi vitamu, maganda ya ndizi, pumba za mahindi, na dreshi, yaani machicha ya kiwanda cha bia, ukiipata ikiwa mpya. Mabaki ya jikoni yachemshwe nusu saa kwanza, kwa sababu kipande cha nyama kinaweza kuleta homa ya nguruwe ya Afrika. Homa hiyo haimgusi mtu, ila inaweza kumaliza kizimba kizima, wala haina dawa. Aliyekufa azikwe kwa kina, asitupwe mtoni.

Kuhusu vipunje, dawa ipo: oksifendazoli, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito wa nguruwe, mara moja. Kipimo cha kawaida cha minyoo ni kidogo mno kwa kazi hii, kwa hiyo mwite veterinari apime uzito. Atakuambia pia usubiri muda gani kabla ya kuchinja. Usiukate muda huo hata sikukuu ikikaribia. Kumbuka kwamba ulimi safi hauthibitishi nyama safi, maana wenye vipunje vichache hawaonekani kwa kupapasa. Mishikaki ikatwe vipande vidogo na ichomwe mpaka katikati pasibaki wekundu.

Anayeona vipande vyeupe kwenye kinyesi chake aende kituo cha afya. Mwenye kifafa asijinunulie dawa ya tegu dukani: kama ana vipunje kwenye ubongo, baadhi ya dawa hizo zinaweza kumletea degedege kali. Daktari amwone kwanza. Na mkikubaliana mtaani kuanza kazi hii, mwiteni veterinari na reko wa afya, yaani mhudumu wa afya wa mtaani, wiki ileile. Mkitibu nguruwe peke yao, mtu mmoja mwenye mnyoo atawaambukiza tena wale watakaozaliwa. Mkitibu watu peke yao, nyama iliyoko kizimbani itaurudisha mnyoo mezani.