Jinsi ya kuifanya kazi yako ikusomeshe

Mimi ni mtu wa rasilimali watu katika kampuni ya usafirishaji na maghala hapa Tororo, mashariki mwa Uganda. Madereva, mataniboi (wasaidizi wa madereva wa malori), makarani wa stoo, mafundi wa gereji na vijana wetu wa forodha pale Malaba, mpakani na Kenya, faili zao zote ziko kabatini kwangu. Barua za ofisi tunaziandika kwa Kiingereza, na nyumbani kila mtu ana lugha ya mama yake, lakini mambo mazito ya kazi huja mezani pangu kwa Kiswahili. Basi na ushauri wangu nautoa kwa lugha hiyohiyo.

Siku hizi kijana akija intavyuu nikimwuliza kama ana swali, mara nyingi haanzi na mshahara. Anauliza, "Madamu, hapa nitajifunza nini?" Wazee tunaokaa nao kwenye meza ya intavyuu hukunja uso. Wao waliajiriwa kwa kuambiwa shukuru umepata. Mimi swali hilo nalipenda. Anayeuliza ni mtoto wa kizazi ambacho shule zilifungwa Machi 2020, madarasa mengine yakakaa hadi Januari 2022 ndipo yakarudi, kwa hiyo amezoea kujitafutia maarifa kwenye simu. Na kama amekulia mpakani, ameshuhudia mengine. Mwaka 2014, nchi za Afrika Mashariki zilipoanzisha Eneo Moja la Forodha, mizigo ya Uganda ikawa inamalizwa ushuru huko Mombasa kabla haijapakiwa. Malaba ilikuwa na watu ambao kazi yao yote ilikuwa kujua karatasi ipi inapelekwa dirisha lipi. Madirisha yakapungua. Aliyekuwa anaumudu ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha wa mamlaka ya mapato, alipata pa kwenda, mwenzake akafungua kibanda cha chapati.

Ila swali la kijana yule lina upungufu wake: linamngoja mwajiri. Ukitaka kazi ikusomeshe, masomo uyachukue mwenyewe, tena ubaki na ushahidi kwamba umeyachukua. Wanaokuja kwangu kuomba kupandishwa cheo, wengi wanajua kazi kweli. Shida ni kwamba hawana kitu cha kunionyesha, nami siwezi kwenda kwa mkurugenzi na maneno ya "huyu ni mchapakazi sana, mzee".

Anza na daftari. Nunua kauntabuku ya kawaida, usitumie ya ofisi, maana ya ofisi itabaki ofisini. Kila Ijumaa kabla hujatoka andika mistari michache: wiki hii kilibadilika nini kwa sababu wewe ulikuwepo. Usiandike "nilifanya kazi stoo". Andika: "Nilihesabu vipuri vya breki, daftari la stoo likaonyesha seti mbili zaidi ya zilizopo, nikafuatilia nikakuta gereji walichukua bila fomu, sasa fomu inasainiwa kwanza." Mstari huo mmoja una hesabu, ufuatiliaji na utaratibu mpya, na hakuna cheti cha semina kinachoweza kusema hayo. Andika pia kilichokushinda, na nani alikuonyesha namna ya kukifanya. Siri za kampuni, kama bei za wateja, majina yao na namba za mizigo, ziache nje. Wakati wa tathmini ya mwaka ukifika, wenzako wanakaa mbele ya msimamizi wakijaribu kukumbuka walifanya nini Februari, wewe unafungua ukurasa.

Nimeona watu wakikawia hapa kwa sababu wanaona kujiandikia mazuri ni majivuno. Sisi tumelelewa kungoja mkubwa atuone. Mkubwa ana magari barabarani na dizeli ya kulipia. Hatakuona.

Jambo la pili ni lile linalowaudhi watu nikilisema: acha kuomba semina, omba kazi. Semina zetu tunazijua. Ukumbi wa hoteli, soda na sambusa, picha ya pamoja, cheti chenye jina lililokosewa herufi, halafu foleni ya nauli ya kurudi ambayo ndiyo watu walifuata. Sisemi zote ni bure. Nasema ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua kukaimu. Mwendee msimamizi wako akiwa ametulia, si asubuhi malori yanapotoka, umwambie hivi: "Mzee, karani wa mafuta anakwenda likizo mwezi ujao. Naomba nikae naye jioni hizi anionyeshe, akiondoka nimshikie." Angalia maneno hayo yalivyopangwa. Umetaja kazi moja inayojulikana, umetaja lini, na umemwondolea mzee tatizo la kutafuta mtu. Nimeona taniboi akianza hivyohivyo, kwa kujaza karatasi za safari za dereva ambaye macho yake hayakuwa mazuri tena. Leo yuko ofisini anafuatilia malori kwenye kompyuta.

Ukikataliwa, omba kwa maandishi mara ya pili na uweke nakala. Inakusaidia siku ya tathmini.

Vyeti navyo vina nafasi yake, ila vichague kwa kazi unayoitaka. Anayetaka kushika trela anahitaji kibali cha daraja la CE, na diploma ya uongozi haitamsaidia kwenye mlima. Anayetaka forodha atafute cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, ambacho kinatambulika pande zote za mpaka. Fundi aliyejifunza chini ya gari bila kukaa darasani anaweza kupimwa kwa vitendo na kupewa hati ya ujuzi alioupata kazini, ile inayoitwa Worker's PAS. Upimaji huo ulikuwa wa DIT, idara ya serikali ya mafunzo ya viwandani, na sheria mpya ya mafunzo ya ufundi (TVET) ya 2025 imeuleta chini ya UVTAB, bodi ya upimaji wa ufundi, kwa hiyo uliza kwanza kituo kipi karibu nawe kinapima fani yako, kabla hujampa mtu yeyote pesa. Na ukiwa umefikisha miaka 25 na huna alama za Senior Six, yaani kidato cha sita, mlango wa chuo kikuu kwa mtihani wa watu wazima bado uko wazi.

Sasa pesa na muda. Sheria ya Ajira ya 2006 inakupa siku saba za likizo kwa kila miezi minne, yaani siku 21 kwa mwaka. Watu wengi humalizia zote kwenye vikao vya harusi na mazishi. Tenga wiki moja ya mitihani, uniombe mapema, Januari kama unaweza. Kujisomea kwa simu ni kuzuri, ila bando nalo lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, hivyo pakua masomo penye waifai ya bure ukayasome usiku.

Mwajiri akikubali kukulipia masomo, kutakuja karatasi ya kusaini inayokufunga kukaa miaka kadhaa. Hapa simama. Soma uone miaka ni mingapi na inaanza kuhesabiwa lini: unapoanza kusoma au unapomaliza? Ukiondoka katikati, unadaiwa fedha yote au inapungua kadiri unavyotumika? Kampuni ikikuachisha yenyewe, deni linakufa au linakufuata? Kama karatasi haisemi, omba iseme. Mimi naziandika karatasi hizo, na nakwambia aliyeuliza maswali haya hajawahi kunyimwa masomo kwa sababu ya kuuliza. Aliyesaini bila kusoma ndiye anayerudi na mjomba wake mwanasheria.

Kuna siku utaondoka. Zamani kuhama kazi kulihesabiwa usaliti, na hadi leo wapo wanaoogopa kwamba akiba yao ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, itapotea. Haipotei. Namba yako ni ileile kwa kila mwajiri, yeye anaweka asilimia 10 na wewe 5. Kabla ya kuaga, hakikisha tu kwamba kila mwezi uliokatwa umefika kwenye akaunti. Toa notisi ya kisheria: mwezi mmoja ukiwa umetumika kati ya mwaka na miaka mitano, miwili kuanzia mitano hadi kumi, mitatu ukizidi hapo. Kijana anayetoweka Jumatatu kwa sababu amepata kyeyo, yaani kibarua cha ng'ambo, huko Dubai ananiacha bila la kumwandikia.

Kisha omba hati ya utumishi. Ni haki yako kisheria ukiiomba, hata kama mmeachana kwa ugomvi. Inataja mwajiri, ulikaa muda gani na ulikuwa katika nafasi gani. Kwenye nafasi ndipo watu hupunjwa: umeajiriwa taniboi, umekaimu ukarani miezi sita, hati inasema taniboi. Ambatanisha kwenye ombi lako nakala za barua za kukaimu. Peleka kabla hujarudisha kitambulisho na funguo, na nakala moja igongwe mhuri wa kupokelewa, ubaki nayo.