Kabla hamjatangaza toleo imara la mfumo wenu, pitieni haya kwanza

Naongea na nyinyi mnaotengeneza mfumo endeshi wa chanzo huria, iwe mmeanza wenyewe au mmechukua Debian, mfumo wa aina hiyo uliopo tayari, mkaichonga kidogo mkaipa jina jipya. Mkishaliita toleo "imara" watu wataliweka kwenye seva ya ofisi na kompyuta za shule, na hawataligusa tena miaka, kwa hiyo acheni haraka.

Tarehe ya kufrizi, yaani kuacha kupokea mabadiliko, itangazwe mapema, na msifrizi kwa mkupuo. Debian 12 walianza Januari 12, 2023 kwa kuzuia mabadiliko makubwa yanayogusa vifurushi vingi vya programu, Februari wakakataa vifurushi vipya, Machi wakakaza tena, Mei 24 ikawa hakuna kinachoingia bila mtu wa timu ya toleo kukikagua, ndio likatoka Juni 10. Atakuja mtu dakika za mwisho, "ni kamstari kamoja tu haka jamani". Asubiri toleo lijalo.

Bagi za kuzuia toleo, yaani hitilafu ambazo toleo halitoki mpaka zirekebishwe, ziwe kwenye orodha moja. Kifurushi kisicho na mtu wa kukitunza kitolewe, hata kama mnakipenda.

Maelezo ya toleo aandike mtu aliyepandisha kutoka toleo la nyuma kwenye mashine iliyochakaa kwa matumizi. Debian 12 ilihamishia fimwea, programu ndogo za kuendesha vifaa kama wifi, kwenye sehemu mpya, non-free-firmware, na asiyeongeza neno hilo kwenye sources.list, faili lenye orodha ya mahali mfumo unakovuta vifurushi, fimwea yake ya wifi inabaki ile ile ya zamani. Ukitesti kwenye mashine mpya hulioni hilo.

Sasa hili la kutesti ISO yenyewe ya mwisho, yaani faili la diski ya kuinstolia, ndilo watu hawasikiagi. Debian 3.1, iliyopewa jina sarge, ilitoka Juni 6, 2005, watu wameisubiri karibu miaka mitatu tangu toleo la nyuma, woody, la Julai 2002, kila mtu ana hamu. Furaha haijapoa ikagundulika kwamba ukiinstoli kwa CD au DVD, ule mstari wa apdeti za usalama kwenye /etc/apt/sources.list umewekewa # mwanzoni, yaani umezimwa, na hata ukiuwasha unaelekeza testing (toleo la majaribio) badala ya stable (toleo imara). Chanzo ni faili la Release ndani ya diski, lilikuwa na makosa. Vifurushi vyenyewe havina neno, kompyuta inawaka, printa inachapa, na ndio ubaya wenyewe, maana mashine iliyokosa apdeti za usalama haipigi kelele. Wakatoa diski mpya, 3.1r0a, wakaeleza na dawa: fungua faili, futa #, badilisha testing iwe stable, hakuna haja ya kuinstoli upya. Kazi ya dakika moja. Lakini aliyeshachoma CD akamkopia jirani, jirani akampa binamu yake, huyo binamu nani atamfuata?

Kwa hiyo ISO ikishatengenezwa kwa mara ya mwisho, na majina yote yameshabadilishwa kutoka testing kuwa stable, kamata kompyuta tupu, instoli kwa ISO hiyo hiyo sio ya jana, piga apt update, amri ya kuangalia apdeti, na usome kila mstari, seva ya usalama lazima uione kwa macho yako. Mtu akigusa faili hata moja baada ya hapo mnaanza kutesti upya. Ndio, upya, na akinuna anune.

Awepo pia mtu mwenye ruhusa ya kusema simameni. Desemba 2023 Debian 12.3 ilikuwa inatoka, ikaonekana kerneli (kiini cha mfumo) 6.1.64-1 inaweza kuharibu data kwenye diski zenye mfumo wa faili wa ext4. Wakasimamisha ISO, wakawaambia watu wasipandishe kwanza, Desemba 10 ikaja 12.4 yenye kerneli iliyorekebishwa. Namba 12.3 ikarukwa, na hakuna aliyekufa kwa kurukwa namba.

Mengine mnayajua. Semeni mtalitunza miaka mingapi. Ufunguo wa kusainia vifurushi usiwe kwa mtu mmoja ambaye simu yake huzimika. Bakapu ya seva ya kujengea vifurushi, hiyo nayo. Tangazo lisitoke kabla seva za nakala, watu wanakopakulia, hazijamaliza kuvuta, checksamu, zile namba za kuhakiki faili, ziwe za ISO ya leo, na chagueni siku ambayo watu wenu wapo, Debian 12 na 13 zote zilitoka Jumamosi. Kesho yake pia wawepo, na simu zina chaji.