Somo: Mtoto anayetema mboga, mpe kabla ya uji

Habari zenu wazazi. Mtoto wangu wa kwanza alifikisha mwaka hajui mchicha. Nilimwanzishia uji wa sukari na ndizi, mboga nikazileta baadaye. Akazitema, nami siku ya tatu nikakata tamaa. Huyu wa pili nimemgeuzia mpangilio. Sasa ana miezi kumi na matembele anakula.

Ngoja kwanza atimize miezi 6, akaze shingo, aweze kukaa akiegemezwa. Kabla ya hapo ziwa linamtosha. Baada ya hapo madini ya chuma aliyozaliwa nayo yanakuwa yamepungua.

Hatua ya 1. Chukua mboga moja tu: boga, karoti au kiazi lishe. Mimi huweka vipande kwenye chujio juu ya sufuria inayochemka, nafunika mpaka uma uzame wenyewe. Ponda kwa mwiko, legeza kwa maziwa yako uliyokamua, maana ladha hiyo anaijua. Ukiinamisha kijiko, chakula kishuke taratibu, kisimwagike kama maji.

Hatua ya 2. Mpe kabla ya uji, akiwa na njaa kidogo, si ile ya kulia. Vijiko vya chai viwili au vitatu vinatosha kuanzia. Akikisukuma nje kwa ulimi usidhani amekataa: ulimi wake umezoea kunyonya. Futa kidevu, jaribu tena. Akifumba mdomo na kugeuza uso, hapo amemaliza kweli.

Hatua ya 3. Rudia. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Mtoto anaweza kuhitaji kuonja chakula kipya mara 8 mpaka 10, hata zaidi, kabla hajakikubali. Nilikuwa naweka alama kwenye kalenda ya ukutani. Mchicha ulipita mara ya kumi na moja, tena siku niliyokuwa nimeshachoka kubembeleza.

Hatua ya 4. Mboga za majani osha kabla ya kukata, chemsha kwa maji kidogo na usiyamwage. Magadi hapana, yanalainisha lakini yanaharibu vitamini. Ponda na kiazi, tia kijiko cha chai cha mafuta au tui la nazi, kwa sababu vitamini A bila mafuta mwili hauifyonzi vizuri. Matone ya limau au chungwa yanasaidia chuma kuingia mwilini. Chakula chake kitoe sufuriani kabla hujatia chumvi yenu.

Hatua ya 5. Akifika miezi 8 au 9 mwache ashike mwenyewe vipande laini vya boga. Karoti mbichi usimpe, atapaliwa. Tandika kanga kuukuu, atajipaka mpaka masikioni.

MASWALI

Mama Pacha: Nikiuficha mchicha kwenye uji wa lishe si ni sawa tu?

Virutubisho watapata, shoga, lakini ladha hawatajifunza. Ficha ukitaka, ila pembeni waonjeshe mchicha wenyewe.

Baba Kijana: Mama yangu anasema majani yatamharisha. Kweli jana choo kilikuwa cha kijani.

Choo kubadilika rangi ni kawaida, kaka. Akipata choo cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku, mpeleke kituo cha afya, na mpitie usafi wa mikono na vyombo. Kwa mama usibishane. Mpe kijiko amlishe yeye.

Mgeni: Nipake asali kidogo kwenye kijiko ili akubali?

Hapana, asali asubiri mpaka apite mwaka. Inaweza kuwa na vimelea vyenye sumu ambavyo tumbo lake haliviwezi.

Mama Dee: Wangu ana miezi 9, hataki kabisa. Jirani kanishauri nimbane pua.

Usithubutu dada, atapaliwa, na kesho ataogopa hata kijiko. Angalia kadi ya kliniki. Mstari ukipanda, endelea kumwonjesha bila haraka. Ukilala au ukishuka, mwone mhudumu wa afya wiki hii hii, usingoje siku ya kupima uzito.

Mama Pacha: Nami friji sina. Nipike mara tatu?

Pika chao ndani ya chakula chenu, kidogo kidogo. Kilichokaa nje zaidi ya saa mbili usiwape.