Kutafuta objekti hai katika kumbukumbu ya programu ya Python inayoendelea kufanya kazi

Tuchukulie seva ya oda iliyoanza asubuhi ikitumia megabaiti 150 za kumbukumbu, na kufikia jioni imevuka 900 ilhali wateja ni wale wale. Wengi wetu hukimbilia kusoma msimbo upya tukitafuta pa kulaumu. Mimi mwenyewe niliwahi kumaliza siku mbili nikiishuku kache ambayo haikuwa na kosa lolote. Ni afadhali kuihoji programu yenyewe kabla haijazimwa, kwa sababu ukiiwasha upya ushahidi wote unapotea.

CPython, yaani Python ambayo wengi wetu tunaitumia, huiachilia objekti mara tu hesabu ya marejeleo yake, yaani idadi ya majina na vitu vinavyoishikilia, inapofika sifuri, na zile zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe kwa mduara husubiri mkusanya taka, sehemu ya Python inayoziondoa objekti za aina hiyo na ambayo tunaifikia kwa moduli ya gc. Kwa hiyo objekti iliyobaki hata baada ya mkusanya taka kupita, kwa kawaida ina mwenye kuishikilia, na kazi yetu ni kumtafuta huyo.

Kwanza ni lazima uingie ndani. Kuanzia toleo la 3.14 unaweza kutumia pdb, chombo cha Python cha kuchunguza programu, kujiunga na programu inayoendelea kwa kutaja namba ya mchakato wake:

python -m pdb -p 4127

Kwenye Linux amri hii kwa kawaida huhitaji ruhusa za juu, na kama programu imelala ikisubiri data kutoka kwenye mtandao, mlango hautafunguka mpaka iamke na kuendelea kutekeleza msimbo wa Python. Kumbuka pia kwamba muda wote unaochunguza, programu imesimama na wateja wanasubiri. Katika matoleo ya zamani inakubidi ujiandae mapema kwa kuweka fanksheni inayoandika hesabu kwenye faili kila mchakato unapopokea SIGUSR1, ishara ambayo mfumo wa uendeshaji huweza kuutumia mchakato. Hakikisha tu kwamba seva yako haina matumizi mengine ya ishara hiyo; Gunicorn, seva ya wavuti ya Python, kwa mfano, huitumia kufungua upya faili za kumbukumbu za matukio (log).

Ukishaingia, hesabu kwa aina:

import gc, collections
gc.collect()
collections.Counter(type(k).__name__ for k in gc.get_objects()).most_common(20)

Usishtuke ukiona function, dict na tuple zikiwa juu, kwani ndivyo ilivyo karibu katika kila programu. Chukua hesabu hiyo mara mbili, kwa mwachano wa nusu saa hivi, kisha utazame kilichoongezeka. Ikiwa Oda zilikuwa 2,000 na sasa ni 9,000, ilhali zinazoshughulikiwa kwa wakati mmoja hazizidi hamsini, umepata pa kuanzia. Zikamate:

oda = [k for k in gc.get_objects() if type(k).__name__ == "Oda"]

Nimelinganisha jina makusudi. Faili inayoendeshwa moja kwa moja huwa moduli iitwayo __main__, na ukiiita tena kwa import unapata klasi ya pili yenye jina lile lile. Ukilinganisha na klasi hiyo utaletewa sifuri na kudhani hakuna tatizo. Vilevile ninaepuka isinstance, fanksheni ya kuuliza kama objekti ni ya klasi fulani, hapa, kwa kuwa baadhi ya objekti za kuwakilisha nyingine huamka na kuendesha msimbo, pengine hata kwenda kwenye hifadhidata, pindi zinapoulizwa klasi yao.

Sasa swali lenyewe, yaani nani anaishikilia:

moja = oda[0]
[type(m) for m in gc.get_referrers(moja)]

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu majibu ya kwanza mara nyingi ni sisi wenyewe: orodha ya oda tuliyoitengeneza sasa hivi, na kamusi au fremu (rekodi ya fanksheni inayoendelea) inayolibeba jina letu "moja". Ziondoe hizo. Katika mfano wetu kinabaki kitu cha aina ya method, yaani fanksheni iliyofungwa na oda yake. Ukiuliza tena ni nani anayeishikilia method hiyo unapata list, na ukiuliza juu ya list unapata kamusi ambayo "__name__" yake ni matukio. Habari yote iko hapo: kila oda inapozaliwa inaisajili method yake katika orodha ya wasikilizaji iliyo kwenye moduli ya matukio, na hakuna anayeiondoa oda inapokamilika. Method ikibaki, oda yake nayo inabaki.

Njia hii ina upofu wake. Mkusanya taka hafuatilii namba, matini wala baiti tupu, kwa hiyo kumbukumbu iliyojazwa na picha zilizosomwa kama baiti haitaonekana katika gc.get_objects. Kwa hali hiyo tumia tracemalloc, moduli ya Python ambayo huonyesha mstari wa msimbo uliotenga kumbukumbu, lakini huhesabu tu kile kilichotengwa baada ya kuiwasha, na huipunguzia programu kasi. Jihadhari pia na kuchapisha oda nzima nzima kwenye skrini ya seva halisi. Ndani yake mna majina na namba za simu za wateja.

Ukirekebisha, usiviweke hivi hivi tu vitu vya aina ya method katika WeakSet, seti isiyozuia vilivyomo kuachiliwa, maana method hutengenezwa upya kila inapoitwa kwa nukta, na hapo itatoweka papo hapo, msikilizaji asisikie chochote. Tumia weakref.WeakMethod, rejeleo dhaifu la method lisiloizuia oda kuachiliwa, au ondoa usajili oda inapofungwa. Kisha anzisha programu iliyorekebishwa, ikamilishe oda moja ya majaribio, na ujaribu hivi ukiwa na jina moja tu linaloishikilia:

import weakref
w = weakref.ref(moja)
del moja
gc.collect()
w() is None

Jibu likiwa True, imeachiliwa. Likiwa False, angalia kwanza kama kuna kitanzi cha for ulichoandika ambacho jina lake bado limeishika objekti ya mwisho, au kama alama ya _ katika terminali ya Python imehifadhi jibu lako lililopita. Kama havipo, rudi kwenye gc.get_referrers(w()) na upande ngazi moja moja kama mwanzo.