Kuchagua Pasi ya Nywele na Kuitumia kwa Usalama Nyumbani

Anayenunua pasi ya nywele kwa matumizi ya nyumbani na achunguze kwanza kama joto lake linaweza kupangwa na kusomeka kwa nyuzi. Pasi yenye swichi ya kuwasha na kuzima pekee hutoa joto lilelile kwa kila kichwa, ilhali nywele laini, au zilizokwisha kutiwa dawa au rangi, hutosheka na nyuzi 150 hivi za sentigredi, nywele za unene wa wastani hutosheka na 170 hadi 180, na hata zile nzito za kipilipili hakuna haja ya kuzidisha 200. Joto likizidi sana, keratini, yaani protini inayojenga unywele, huharibika, na unywele ulioungua hauponi; hubaki kukatwa tu.

Mabamba, yaani zile sehemu mbili za pasi zinazobana nywele, yakiwa ya seramiki husambaza joto kwa usawa na huwafaa wengi. Ya titani hupata moto upesi, na kwa maoni yangu yanafaa kuachiwa mikono iliyozoea. Kwa nywele fupi chagua mabamba membamba, na upendelee pasi inayojizima yenyewe.

Nywele zioshwe na zikaushwe kabisa, mpaka kwenye mizizi. Sharti hili ndilo linalopuuzwa zaidi, nalo ndilo zito kuliko yote, kwa sababu maji yaliyobaki ndani ya unywele huchemka ghafla yanapobanwa na bamba la moto, yakaacha viputo vinavyoudhoofisha hadi ukakatika. Paka kinga ya joto, yaani kipodozi cha kuzikinga nywele na moto wa pasi, uiache ikauke, kisha chana na ugawanye nywele katika mafungu membamba kwa vibanio. Anzia sentimita moja au mbili kutoka kwenye ngozi ya kichwa, ukiteremsha pasi taratibu bila kusimama mahali pamoja. Fungu lisiponyooka baada ya kupitishwa mara mbili, lipunguze unene badala ya kuongeza joto. Unyofu huu hupotea nywele zikipata maji au unyevunyevu wa hewa, kwa hiyo usijaribu kuudumisha kwa kupiga pasi kila siku.

Usiitumie pasi karibu na maji wala kwa mikono iliyolowa, na usiilaze kitandani au juu ya taulo, bali juu ya kitu kisichoshika moto. Ukimaliza, chomoa plagi na uiache ipoe mbali na watoto, maana mabamba hubaki ya moto kwa muda mrefu baada ya taa ya pasi kuzimika. Waya usiuzungushe kwenye mwili wa pasi, kwani hukatikia ndani.

Ukiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala barafu, na ikiwa jeraha liko karibu na jicho au limetoa lengelenge kubwa, nenda hospitalini.